Makampuni Yakiungana: Hesabu ya Mnunuzi wa Amani

Anayejenga nyumba Amani, juu katika milima ya Usambara Mashariki, hulipia saruji mara mbili. Kwanza hulipa Muheza mjini, bei ya duka. Kisha hulipa barabarani, bei ya gari la kupandisha mifuko kilomita zipatazo 35 za vumbi na kona, au za tope ikiwa ni masika. Bati, misumari, turubai, panga, mabuti ya mvua na tochi hupanda mlima kwa hesabu hiyo hiyo.

Mtu huyu hasomi matangazo ya soko la hisa, lakini yanamhusu. Tangu 2021 kiwanda cha saruji kilicho karibu naye kuliko vyote, cha Pongwe, kimepita katika mikono ya wamiliki wakuu watatu. Mfuko haujabadilika: kilo 50 zile zile, picha ya simba ile ile. Kilichobadilika ni orodha ya wale wanaoshindana kumuuzia, na orodha hiyo haichapishwi kwenye mfuko.

Makala haya yanauliza swali la zamani kwa kusimama mahali padogo: makampuni yanapoungana au kununuana, mnunuzi wa mwisho hupata nini na hupoteza nini? Jibu la kawaida hutazama nchi nzima. Ninadai kwamba hapo ndipo hesabu inapoharibika. Mnunuzi hafanyi manunuzi katika nchi nzima. Ananunua katika duka analoweza kulifikia na kurudi kabla ya giza, na muungano usioonekana kabisa Dar es Salaam unaweza kuwa mkubwa sana Muheza.

Simba wa Pongwe

Oktoba 2021, Scancem International, kampuni tanzu ya Heidelberg ya Ujerumani, ilikubaliana na AfriSam, mmiliki mkuu wa wakati huo, kununua asilimia 68.33 ya hisa za Tanga Cement, yenye kiwanda cha Pongwe na nembo ya Simba, kwa takribani shilingi bilioni 137. Scancem hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa mmiliki mkuu wa Twiga Cement ya Wazo Hill, Dar es Salaam. Kwa maneno mengine, Twiga na Simba, waliozoea kugombea wateja wale wale wa kaskazini na pwani, wangelala zizi moja.

Aprili 2022 Tume ya Ushindani, ambayo wengi huiita FCC, iliidhinisha ununuzi huo kwa masharti. Kampuni ya Chalinze Cement na jumuiya ya kutetea walaji, Tanzania Consumer Advocacy Society, zilikata rufaa, na Septemba 2022 Baraza la Ushindani likatengua idhini hiyo. Msingi wa uamuzi ulikuwa Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003, inayokataza muungano unaozaa au kuimarisha utawala wa soko, na iliyokuwa wakati huo ikianza kumtilia shaka mwenye zaidi ya asilimia 35 ya soko. Suala lilirudi mezani, likafika hadi bungeni, na mwaka 2023 Tume ikaidhinisha upya. Mwishoni mwa mwaka huo Scancem ikamiliki Pongwe. Haikukaa. Mwaka 2024 iliuza sehemu kubwa ya hisa kwa kundi la Amsons la Tanzania, lenye saruji ya Camel, ambalo mwaka 2023 lilikuwa limeshanunua hisa za Holcim katika Mbeya Cement, yenye nembo ya Tembo.

Kwa mujibu wa hesabu ya taifa, mwisho huo ni mwema. Twiga na Simba hawako pamoja tena, mwenye Pongwe ni kampuni ya nyumbani, na viwanda vya saruji nchini ni vingi: kuna Dangote wa Mtwara, Nyati wa Kimbiji na wengine. Lakini saruji ni mali nzito yenye thamani ndogo kwa kilo, na nauli huila faida yake haraka. Mfuko wa Mtwara ukifika Muheza umeshabeba gharama ya karibu pwani yote ya nchi. Kwa mjenzi wa Amani, mshindani wa kweli wa Pongwe lazima awe karibu.

Naye yupo, mkoani humo humo Tanga, eneo la Maweni. Kiwanda hicho kilijengwa na ARM Cement ya Kenya, kampuni iliyoelemewa na madeni hadi ikawekwa chini ya wasimamizi Agosti 2018. Mwaka 2020 Huaxin ya China ilikinunua. Kama kingefungwa, au kama angekinunua mwenye Pongwe, mkoa mzima ungebaki na mlango mmoja, huku asilimia za kitaifa zikiendelea kupendeza. Ununuzi wa Maweni haukuzua kelele kama zile za Pongwe, lakini kwa wanunuzi wa Tanga huenda ulikuwa na uzito mkubwa zaidi.

Majina peke yake hayatoshi pia. Holcim ya Uswisi, iliyoiuzia Amsons hisa za Mbeya, ina hisa nyingi katika Huaxin. Hilo si kosa wala si siri. Linaonyesha tu kwamba nembo mbili dukani hazithibitishi kuwapo kwa wenye mali wawili wasiojuana, na kwamba anayetaka kujua kama ana uchaguzi inambidi afuate hisa hadi mwisho wake.

Kuna pia mpaka. Desemba 2024 Amsons ilikamilisha ununuzi wa Bamburi, kiwanda kikongwe cha jirani na Mombasa kilichoanzishwa 1951, ikipata zaidi ya asilimia 90 ya hisa. Sasa Pongwe na Bamburi, kila kimoja upande wake wa mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga, vina mmiliki mmoja. Mtu anaweza kusema hakuna kilichopungua, kwa sababu saruji ya Mombasa haikuwa ikitawala maduka ya Tanga. Hoja hiyo inasahau kwamba mshindani hazuii bei kupanda kwa kuwapo dukani tu. Huizuia pia kwa kuwa anaweza kuja. Pongwe ikipandisha mno, jirani wa ng'ambo ya mpaka alikuwa na sababu ya kupakia malori. Mwenye viwanda vyote viwili hana sababu hiyo.

Nani aliyetakiwa kuona hilo? Tanzania ilijitoa katika jumuiya ya kibiashara ya COMESA mwaka 2000, kwa hiyo jicho la ushindani la jumuiya ile haliioni Tanga. Mamlaka ya Ushindani ya Afrika Mashariki, ambayo sheria yake ni ya 2006, ilianza kupokea maombi ya miungano Novemba 2025 tu. Kwa karibu miaka ishirini mpaka wa Horohoro ulikuwa na sheria ya pamoja bila mlinzi kazini.

Yaliyotokea Nebraska

Si viwanda tu vinavyonunuana; maduka nayo hununuana. Marekani ndiko maduka ya vifaa vya porini, uvuvi na uwindaji yalikokua hadi kuwa makubwa kama viwanja vya mpira, na ndiko yalikomezana hadharani. Cabela's ilianza 1961 katika mji mdogo wa Chappell, Nebraska, kwa kuuza kwa posta ndoano zilizovishwa manyoya zifanane na wadudu. Ilihamia Sidney, mji wa watu wasiofika 7,000, ikawa na wafanyakazi wapatao 2,000 pale. Oktoba 2016 mshindani wake, Bass Pro Shops, alitangaza kuinunua, na Septemba 2017 akaimaliza kwa dola zipatazo bilioni 5. Wadhibiti wa serikali kuu waliichunguza kwa miezi kadhaa wakairuhusu.

Maduka ya Cabela's yaliendelea kuitwa Cabela's. Mteja aliyeingia kununua hema au bunduki aliona jina lile lile mlangoni, lakini nyuma ya kaunta aliyepanga bidhaa, aliyebishana na viwanda na aliyeamua duka lipi libaki alikuwa mmoja. Sidney ilipoteza sehemu kubwa ya ajira za makao makuu, na kwa mji wa ukubwa ule mfanyakazi aliyeondoka alikuwa pia mteja wa kinyozi, wa duka la nguo na wa fundi magari. Hasara hiyo haikuhesabiwa katika bei ya hema hata moja.

Haki inadai tuseme pia kwamba biashara hiyo ilikuwa na dhoruba yake. Sports Authority ilifunga maduka yake yote mwaka 2016. Gander Mountain ilifilisika mwaka uliofuata. Mauzo ya mtandaoni yalikuwa yakila pembeni. Muungano mara nyingine ni dalili ya soko linalosinyaa, na anayeuzuia haokoi duka, anachelewesha mazishi.

Ndiyo maana kisa cha pili kina mafunzo zaidi. Desemba 2020 kundi la Bass Pro lilikubaliana kuinunua Sportsman's Warehouse kwa dola 18 kwa hisa. Safari hii wadhibiti hawakuonyesha dalili ya kukubali, na Desemba 2021 mkataba ukavunjwa. Cabela's ilipomezwa bado walikuwapo wengine. Kila ununuzi unaoruhusiwa huufanya unaofuata uwe mzito zaidi, kwa sababu waliobaki ni wachache. Anayepima muungano mmoja mmoja, kana kwamba kila mmoja ulizaliwa peke yake, atashtuka siku moja kukuta soko limekwisha bila yeye kukosea popote.

Bunduki na ukubwa

Bunduki zina sura yao. Marekani kuna maelfu kwa maelfu ya wauzaji wadogo wenye leseni, kwa hiyo kuungana kwa minyororo miwili hakumfungii mnunuzi njia zote. Humpunguzia wingi wa aina mahali pamoja na kumfanya asafiri. Athari nyingine ni ya maamuzi. Februari 2018, baada ya mauaji ya shule ya Parkland, Florida, Dick's Sporting Goods iliacha kuuza bunduki za mtindo wa kivita katika maduka yake yote. Wengi waliishangilia na wengine waliisusia. Hapa hatuna haja ya kuamua nani alikuwa sahihi. Inatosha kuona kwamba katika soko la minyororo, kikao kimoja hubadilisha kaunta za mamia ya miji kwa siku moja.

Kwetu sheria ndiyo iliyoamua kwamba soko hilo liwe jembamba. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inamtaka mnunuzi awe na kibali kabla ya duka, na Shirika la Mzinga la Morogoro, la serikali, ndilo linalojulikana kwa utengenezaji wa risasi nchini. Mkulima wa pembeni mwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa 1997, anayesumbuliwa na nguruwe pori hatembei kutoka duka hadi duka akilinganisha bei za bunduki, na hakuna anayetaka hali iwe hivyo. Uchache wa wauzaji uliokusudiwa na sheria kwa ajili ya usalama ni kitu kimoja. Uchache uliotokea kwa sababu wauzaji walinunuana ni kingine, na hauna kisingizio cha usalama. Kinachomhusu mkulima huyu katika mjadala wa ushindani ni turubai, mabuti, panga na mfuko wa saruji.

Muungano mkubwa kuliko yote

Watanzania hawahitaji kwenda Nebraska kuona maduka yakiwa moja. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, makampuni makubwa ya uagizaji na uuzaji wa jumla yalitaifishwa na kukusanywa chini ya Shirika la Biashara la Taifa, STC. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 shirika hilo lilishindwa kubeba mzigo, likagawanywa, na kila mkoa ukapata kampuni yake ya biashara, RTC. Zana nazo zilikuwa na mlango wao: jembe na panga vilitoka kiwanda cha UFI cha Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China, baadaye na ZZK ya Mbeya. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ilitaka maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, nafasi yake ichukuliwe na ya ushirika na ya vijiji. Agizo hilo lilisitishwa baada ya vijiji kubaki bila chumvi na sabuni, kwa sababu duka la mtu lilifungwa kabla la kijiji halijajaa.

Lengo la shirika hilo halikuwa faida ya mtu, na hilo hulitofautisha na miungano ya Pongwe na Sidney. Lakini kwa upande wa mnunuzi lilifundisha mambo matatu ambayo hayategemei itikadi. La kwanza, bei iliyoandikwa ukutani haina maana kama rafu ni tupu: mwanzoni mwa miaka ya 1980 bei rasmi ilikuwa nafuu na mali haikuwapo, na anayejua alinunua kwa mlango wa nyuma. La pili, mlango ukiwa mmoja, anayeusimamia huwa bwana, hata akiwa karani wa ngazi ya chini. La tatu, wanaoumia kwanza ni walio mbali, kwa kuwa mali haba huishia mjini kabla lori halijapanda mlima. Msako wa walanguzi wa 1983 ulikamata watu na mali lakini haukujaza rafu. Ruhusa ya 1984 ya kuagiza bidhaa kwa fedha za mtu mwenyewe ilianza kuzijaza.

Sekta binafsi nayo iliwahi kufanya yake. Mwaka 2002 makampuni ya bia yalipatana kugawana nchi: kiwanda cha Castle cha Thika kilifungwa na Kenya ikaachiwa East African Breweries (EABL), huku Kibo Breweries ya Moshi ikiingizwa Tanzania Breweries (TBL). Kila upande wa mpaka wa Namanga na Horohoro ukabaki na mfalme wake. Kilichorudisha mchuano Tanzania ni kukua kwa Serengeti Breweries, na EABL ilipotaka kuinunua mwaka 2010 ilibidi iachane na asilimia 20 ya hisa za TBL ilizokuwa nazo. Sharti hilo lilikuwa na maana kwa kuwa lilihusu umiliki wenyewe, tofauti na ahadi ya tabia njema ambayo hakuna anayeifuatilia.

Faida zisizopaswa kudharauliwa

Ingekuwa uongo kuandika kana kwamba kila muungano ni wizi. Pongwe ilijenga tanuru la pili kwa mikopo mizito, na kiwanda chenye deni hakimfai mnunuzi kikisimama. Maweni ingeoza kama Huaxin isingekuja. Mmiliki mwenye viwanda kadhaa anaweza kujaza pengo la kimoja kikiharibika, kununua makaa na vipuri kwa bei ya jumla, na kupunguza safari za magari matupu.

Lakini faida hiyo ikishapatikana kiwandani, nani anaipokea? Inashuka hadi dukani pale tu ambapo kuna mwingine anayemlazimisha mwenye kiwanda aishushe. Bila mwingine, hubaki juu.

Na ukubwa wenyewe si kinga. Nakumatt, mnyororo wa maduka makubwa wa Kenya, ilichukua maduka ya Shoprite ya Dar es Salaam na Arusha mwaka 2014, ikaonekana jitu. Kufikia 2017 ilikuwa ikizama kwa madeni, na Uchumi, mnyororo mwingine, ilikuwa imeshaondoka Tanzania tangu Oktoba 2015. Muheza haikuwa na tawi la kupoteza. Duka la mtaani, linalodharauliwa na wachumi wa kisasa, lilibaki wazi.

Duka hilo ndilo linalobeba kitu ambacho hakimo katika asilimia yoyote ya soko: mali kauli. Mwenye duka la vifaa Muheza huchukua mzigo kwa wakala na kulipa baada ya kuuza; naye humkopesha mkulima wa iliki au karafuu hadi mavuno. Mnyororo huo unategemea wakala mwenye sababu ya kumbembeleza mwenye duka. Wasambazaji wakiwa wawili, anayenyimwa na mmoja huenda kwa mwingine. Akibaki mmoja, anaweza kusema "fedha taslimu kwanza" na neno lake likawa sheria hadi kijiji cha mwisho, bila bei ya mfuko kupanda hata shilingi moja. Mdhibiti anayetazama bei atasema hakuna kilichotokea.

Mkulima wa Amani anaujua udhaifu huo pia akiwa muuzaji. Machi 2016 serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi, wafugaji wa vipepeo wa milima hii walipoteza soko lao karibu mara moja, kwa kuwa hapakuwa na njia ya pili ya kuuzia. Kenya, Desemba 2023, mamlaka ya ushindani iliyatoza maduka makubwa ya Carrefour faini ya shilingi za Kenya bilioni 1.1 kwa kuwabana wanaoyauzia bidhaa, akiwamo wa asali na wa mafuta ya kupikia. Mwenye duka akiwa mkubwa mno hukandamiza pande mbili, anayenunua kwake na anayemuuzia, na mtu wa kijijini yuko pande zote mbili.

Kupimia karibu

Mambo matatu yanafuata kutoka hapa, na hakuna linalohitaji sheria mpya kabisa.

Kwanza, soko lipimwe kwa wilaya, na kwa bidhaa nzito lipimwe kwa bei ya kufikishiwa. Wamarekani hufanya hivyo kwa maduka ya vyakula: Kroger na Albertsons walipotaka kuungana walijitolea kuuza maduka 579 ili kupunguza mgongano mji kwa mji, na bado Desemba 2024 mahakama iliwazuia. FCC ikiuliza wenye maduka wa Muheza, Korogwe na Lushoto wananunua kwa nani, na nani angewauzia kesho huyo akikataa, itajua mengi kuliko inavyojua kwa asilimia ya taifa.

Pili, masharti ya idhini yawe ya umiliki pale inapowezekana, kama lile la bia la 2010. Yakiwa ya mwenendo, yatangazwe kwa Kiswahili, yawe na tarehe, na matokeo yake yachapishwe. Mwenye duka hawezi kulalamikia sharti ambalo hakuwahi kulisikia.

Tatu, masharti ya mikopo na usambazaji yachunguzwe sawa na bei. Wakala anayegawa maeneo na mwenzake, au anayemnyima mzigo mwenye duka aliyeuza saruji ya mwingine, anapunguza ushindani kuliko aliyepandisha mia tano.

Kesi ya 2022 ilithibitisha kwamba uamuzi wa Tume si wa mwisho, na kwamba watetezi wa walaji wanaweza kuusimamisha. Ilithibitisha vilevile kwamba kusimamisha si kushinda: mwaka mmoja baadaye idhini ilitolewa upya, na mwaka uliofuata kiwanda kikauzwa tena. Mali itaendelea kubadilisha mikono, na mara nyingi hakutakuwa na ubaya. Kinachowezekana kudaiwa ni kwamba kabla ya kila sahihi, mtu mwenye mamlaka apande gari hadi Muheza, kisha Amani, ahesabu ni wauzaji wangapi wasiotegemeana wanafika huko leo na wangapi watafika kesho. Kama hesabu inashuka kutoka wawili hadi mmoja, asilimia ya taifa haina la kuongeza.